Kumbukumbu za hisa: Windows na Macintosh hazisomi daftari moja

MWAKA 2019 niliitwa wilayani Mbozi na kikundi cha watu 22, wengi wao wakulima wa kahawa na wachache wauza mahindi, nikasaidie kumaliza ugomvi. Mwenzao mmoja alikuwa amefariki dunia na mjane wake alitaka kulipwa sehemu ya marehemu katika hisa ambazo kikundi kilianza kununua mwaka 2009. Hakuna aliyepinga haki yake. Kilichowashinda ni kujua kiasi. Kumbukumbu zote za nani alichanga lini, na fedha zake zilinunua hisa zipi, zilikuwa kwenye kompyuta, na kompyuta hiyo ilikuwa imekufa.

Katibu wao ni mtu makini. Alikuwa ametunza nakala ya faili kwenye flashi, na kikundi kilikuwa kimepata kompyuta nyingine, Macintosh iliyotumika, zawadi ya rafiki wa mwanachama mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Wakachomeka flashi. Faili likaonekana, lakini halikufunguka. Mafundi wawili waliitwa kwa zamu, wakalipwa, na wote wakasema faili limeharibika.

Halikuwa limeharibika. Lilikuwa faili la Microsoft Money, programu ambayo haikuwahi kutengenezwa kwa ajili ya Macintosh.

Nimekutana na hadithi za namna hii mara kadhaa tangu hapo, na kila mara lawama huangukia katibu au fundi. Ukweli ni kwamba tatizo hili lina historia ndefu huko Marekani zilikotoka programu hizi, na liliwaumiza watu wenye fedha nyingi kuliko sisi.

Kompyuta yoyote huongozwa na mfumo endeshi, yaani programu mama inayozisimamia nyingine zote. Zinazojulikana zaidi ni Windows ya kampuni ya Microsoft, mfumo wa Macintosh wa kampuni ya Apple, na Linux ambao hutolewa bure. Programu iliyoandikwa kwa mfumo mmoja haifanyi kazi kwenye mwingine mpaka watengenezaji waiandike upya au waiwekee mkalimani. Kwa barua na picha tofauti hiyo siku hizi haisumbui sana. Kwa programu za kufuatilia uwekezaji, ambazo hutunza kila hisa iliyonunuliwa, iliyouzwa na gawio lililolipwa, bado inasumbua.

Kwa miaka mingi Wamarekani walitumia programu mbili kubwa kwa kazi hiyo. Moja ni Quicken ya kampuni ya Intuit iliyoanzishwa mwaka 1983. Ya pili ni hiyo Money, iliyotoka mwaka 1991. Mwaka 1994 Microsoft ilitaka kuinunua Intuit yote, serikali ya Marekani ikaenda mahakamani kuzuia, na mwaka 1995 mpango ukaachwa. Wakaendelea kushindana mpaka Microsoft ilipochoka. Money iliacha kuuzwa tarehe 30 Juni 2009. Mwaka uliofuata kampuni ilitoa toleo la bure liitwalo Sunset, ili waliokuwa na mafaili yao waweze angalau kuyafungua. Lakini yafunguliwe kwenye Windows tu.

Quicken ilikuwa na matoleo ya Windows na ya Macintosh. Mnunuzi aliyeona jina moja kwenye maboksi yote mawili aliamini amenunua kitu kimoja, kumbe zilikuwa programu mbili tofauti, zilizoandikwa kila moja kivyake na zenye mafaili yasiyosomeka moja kwa moja upande wa pili. Wateja wengi walikuwa wa Windows, na fedha za kuboresha zilikwenda huko. Toleo la Macintosh la mwaka 2007 lilikaa miaka bila mrithi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kuanzia mwaka 2006 Apple ilibadilisha ubongo wa kompyuta zake, ikaacha chipu za PowerPC na kuingia za Intel. Programu za zamani ziliendelea kufanya kazi kwa msaada wa mkalimani aitwaye Rosetta. Februari 2010 Intuit ilileta Quicken Essentials, iliyoandikwa upya kwa chipu mpya, lakini programu hiyo haikuweza kurekodi ununuzi na uuzaji wa hisa. Ungeona thamani ya ulicho nacho leo, ila usingeweza kuandika ulikipataje. Julai 2011 Apple ikatoa mfumo mpya uitwao Lion, usio na Rosetta. Mwenye Macintosh aliyekuwa na kumbukumbu za hisa za miaka mingi akabaki njia panda: asipandishe mfumo, au apandishe na Quicken yake ya 2007 isifunguke tena.

La kushangaza ni kwamba mwenyekiti wa bodi ya Intuit wakati huo, Bill Campbell, alikuwa pia mjumbe wa bodi ya Apple. Hata hivyo wateja walisubiri mpaka Machi 2012 ndipo Intuit ilipotoa toleo la 2007 lililorekebishwa liweze kuishi ndani ya Lion, na wakalilipia dola 14.99. Programu mpya yenye ufuatiliaji kamili wa uwekezaji kwa Macintosh ilitoka Agosti 2014. Intuit yenyewe iliiuza Quicken mwaka 2016.

Msomaji anaweza kuuliza, kwani hesabu ya hisa ni ngumu kiasi gani hata programu moja iweze na nyingine ishindwe? Tuchukue hisa ambazo wakulima wengi wanazifahamu, za benki ya CRDB, ambayo chimbuko lake ni benki ya ushirika na maendeleo vijijini. Mwaka 2009 ziliuzwa kwa umma kwa Sh150 kila moja. Mwaka 2015 benki iliwapa wanahisa nafasi ya kununua hisa moja mpya kwa kila hisa tano walizo nazo, kwa Sh350.

Aliyenunua hisa 1,000 mwaka 2009 alilipa Sh150,000. Aliyetumia nafasi ya 2015 aliongeza hisa 200 kwa Sh70,000. Sasa ana hisa 1,200 zilizomgharimu Sh220,000, ukiacha ada ya dalali. Tuseme anauza 600 kwa Sh500 kila moja na kupokea Sh300,000. Amepata faida kiasi gani?

Ukihesabu kwamba ameuza za zamani kwanza, gharama ni Sh90,000 na faida Sh210,000. Ukitumia wastani, gharama ni Sh110,000 na faida Sh190,000. Ukisema ameuza za karibuni kwanza, yaani zile 200 za 2015 na 400 za 2009, gharama ni Sh130,000 na faida Sh170,000. Majibu matatu, na hakuna lililo la uongo. Programu isiyotunza kila fungu la ununuzi na tarehe yake haiwezi kukupa la kwanza wala la tatu. Na programu inayoyatunza itachagua yenyewe usipoiambia.

Kwa Mmarekani tofauti hiyo huamua kodi. Kwetu, mkazi mwenye hisa chache zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) hana sana wasiwasi wa kodi ya faida ya mauzo. Kodi anayoiona ni ile ya zuio ya asilimia 5 inayokatwa kwenye gawio kabla halijamfikia. Lakini ndani ya kikundi hali ni nyingine. Aliyejiunga 2009 na aliyejiunga 2015 hawakununua kwa bei moja. Hesabu ya wastani humpunja wa kwanza na kumnufaisha wa pili, na ndiyo maana mjane wa Mbozi hakutaka kusikia habari ya kugawanya kwa 22 basi yaishe. Marehemu alikuwa mmoja wa walioanza.

Wengine watasema taarifa ya akaunti ya hisa inatosha. Kwa mtu mmoja inasaidia sana, na kila mwenye hisa aiombe kwa dalali wake. Kwa kikundi, akaunti ina jina moja, la kikundi. Itakuonyesha idadi ya hisa, lakini haijui nani alichanga Sh15,000 na nani Sh40,000 mwezi uleule.

Sasa nije kwenye Excel, maana najua wengi wetu hatujawahi kuiona Quicken wala Money. Excel ipo kwenye Windows na ipo kwenye Macintosh, na faili la huku hufunguka kule. Ila kuna mtego ambao mpaka leo huwakuta watu wenye mafaili ya zamani. Excel huhifadhi tarehe kama idadi ya siku tangu siku fulani ya mwanzo. Ile ya Windows huanzia mwaka 1900. Matoleo ya zamani ya Macintosh yalianzia 1904. Ukifungua faili zima hakuna tatizo, kwa sababu faili hubeba kanuni yake. Ukinakili safu ya tarehe kutoka faili la aina moja na kuibandika kwenye la aina nyingine, kila tarehe inaruka siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja. Hisa iliyonunuliwa 30 Juni 2009 itasomeka imenunuliwa 29 Juni 2005, kabla CRDB haijaingia sokoni. Matoleo ya sasa ya pande zote mbili huanzia 1900, lakini faili lililoanzishwa kwenye Macintosh ya zamani linaendelea na ukoo wake.

Mtego mwingine ni mdogo na unauma vilevile. Wamarekani huanza na mwezi kisha siku. Kwao 03/04/2015 ni Machi 4, kwetu ni Aprili 3. Ukihamisha kumbukumbu kutoka programu yao, tarehe zote zenye siku ya 12 kurudi nyuma zinaweza kugeuka bila kompyuta kulalamika, na mpangilio wa nani alitangulia ukavurugika.

Kwa anayetaka programu kamili, ninayoipendekeza ni GnuCash. Ni ya bure, ilianzia kwenye Linux, na tangu mwaka 2007 ina toleo la Windows. Ya Macintosh ipo pia. Faili lake ni lilelile kwenye mifumo yote mitatu, na ripoti yake ya hisa hukuruhusu kuchagua mojawapo ya hesabu zile tatu nilizotaja. Tofauti ndogo ipo: uwezo wake wa kuvuta bei kutoka intaneti hutegemea programu saidizi ambayo kwenye Windows lazima uiweke mwenyewe. Kwa mwenye hisa za DSE hilo lisimnyime usingizi, kwani bei ataziandika kwa mkono kutoka taarifa ya soko. GnuCash hudai mtu anayejua kila shilingi inayotoka lazima iingie mahali. Aliyesoma uwekaji hesabu ataipenda. Asiyesoma atakasirika wiki ya kwanza.

Asiyetaka kukasirika abaki na jedwali la kawaida, la Excel au la LibreOffice ambayo nayo ni ya bure kwenye mifumo yote. Safu saba zinatosha: tarehe, jina la mwanachama, jina la hisa, idadi, bei, ada, na fedha iliyolipwa au kupokelewa. Gawio liandikwe kabla ya kodi na baada ya kodi. Mwezi uandikwe kwa herufi. Kisha kila baada ya miezi mitatu toa nakala ya CSV, ambayo ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, yasomekayo kwenye kompyuta yoyote na hata kwenye simu.

Nasisitiza nakala hiyo sasa kwa sababu maalumu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za mtumba tulizonunua haziwezi kupokea Windows 11. Wenye vikundi wanashauriwa na mafundi kununua mpya, au kuhamia Linux. Ushauri wa Linux si mbaya, mimi mwenyewe naitumia. Ila kabla fundi hajafuta chochote, fungua kila programu yenye kumbukumbu za fedha na utoe nakala inayosomeka nje yake. Ukishafuta Windows, faili la Money litakuwa kama lile la Mbozi.

Kule Mbozi tuliazima kompyuta ya Windows kwenye duka la kuchapia barua pale Vwawa, nikaweka Sunset niliyokuwa nayo kwenye diski tangu mwaka 2010, na faili likafunguka mara ya kwanza. Tulitoa kumbukumbu akaunti moja moja, tukakuta baadhi ya tarehe zimegeuzwa Kimarekani, tukazilinganisha na risiti alizohifadhi katibu kwenye boksi la viatu. Kazi ilichukua siku mbili na soda nyingi.

Hesabu ilipotoka, marehemu alionekana alichanga zaidi ya alivyokadiria mkewe. Mama yule alitazama karatasi kwa muda, akauliza gawio la mwaka ule lingelipwa mwezi gani, kisha akasema hataki tena kulipwa. Aliomba jina lake liandikwe mahali pa jina la mumewe.