Mtaka cha Mvunguni: Bei ya Tiketi na Hatima ya Hadhira

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ijapokuwa methali hii haitajwi katika mijadala ya masoko ya ughaibuni, falsafa yake ndiyo inayotumiwa kutetea bei za tiketi za matamasha makubwa ya muziki: amtakaye mwimbaji maarufu na agharimike, asiyeweza na abaki nyumbani. Makala haya hayakusudii kuwakosoa wahenga. Yanakusudia kuuliza swali ambalo watetezi hao hawaliulizi: ni nani aliyekitia kitu hicho mvunguni?

Tuchukue mfano wa Eras Tour, ziara ya mwimbaji wa Marekani Taylor Swift. Ilianza Machi 2023 mjini Glendale, jimbo la Arizona, ikatamatika Desemba 2024 mjini Vancouver, Kanada, baada ya maonyesho 149. Waliohudhuria walipita milioni 10 na mauzo ya tiketi yakazidi dola bilioni 2. Ukigawanya, utapata wastani wa takriban dola 204 kwa kila tiketi. Wakati huo, kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ya Marekani kilikuwa dola 7.25 kwa saa, na hakikuwa kimepandishwa tangu mwaka 2009. Mfanyakazi wa kiwango hicho alihitaji kutoa jasho kwa saa 28, kabla ya kodi na kabla ya kula, ili asikilize nyimbo kwa saa tatu na ushei.

Na hiyo ni bei ya mlangoni tu. Nchini Marekani, tiketi za kawaida zilitangazwa kwa bei ya kati ya dola 49 na 449. Watu milioni 3.5 walikuwa wamejiandikisha kwa mauzo ya awali. Yalipofunguliwa tarehe 15 Novemba 2022, mitambo ya kampuni ya Ticketmaster ililemewa. Tiketi zaidi ya milioni 2 ziliuzwa siku hiyo moja, na mauzo ya umma yaliyopangwa kufanyika siku tatu baadaye yakafutwa. Muda si muda, tiketi zizo hizo zikaibuka mikononi mwa walanguzi, baadhi zikidaiwa maelfu ya dola.

Wanauchumi wana jibu lao. Wanasema kwamba wanunuzi wakizidi viti, bei haina budi kupanda. Mwimbaji akijifanya mkarimu na kuuza kwa bei nafuu, tofauti ile haimwendei shabiki maskini bali humwendea mlanguzi. Heri basi mwimbaji mwenyewe aitwae. Mgala muue na haki yake mpe: hoja hii ina uzito. Mkono mtupu haulambwi, na rekodi hazimlishi mwanamuziki wa leo kama zilivyomlisha wa jana. Mwaka 2002, David Bowie alitabiri kwamba muziki ungekuja kupatikana kama maji ya mfereji, na akawaasa wenzake wajiandae kuishi kwa ziara. Utabiri huo umetimia. Anayedai kwamba msanii aimbe bure hajui gharama ya vyombo, usafiri na mamia ya wafanyakazi wanaomzunguka.

Hata hivyo, hoja ya wanauchumi husimama pale tu soko linapokuwa huru, na historia ya biashara hii inatilia shaka uhuru huo. Mwaka 1994 bendi ya Pearl Jam ya Seattle ilitaka tiketi zake zisizidi dola 20, ikashindwa kuafikiana na Ticketmaster kuhusu ada, na ikapeleka malalamiko kwa Wizara ya Sheria ya Marekani. Uchunguzi ulifungwa mwaka 1995 bila kampuni kuchukuliwa hatua. Mwaka 2010 kampuni hiyo iliungana na Live Nation, ambayo huandaa matamasha na kumiliki au kuendesha kumbi nyingi. Mnamo Mei 2024 wizara ile ile, ikiungana na majimbo kadhaa, ilirudi mahakamani ikidai kwamba muungano huo umezaa ukiritimba. Miaka 30 ilikuwa imepita, na lalamiko lilikuwa ni lile lile.

Kisa cha bendi ya The Cure ya Uingereza kinaliweka wazi jambo hili. Kwa ziara yao ya Marekani ya mwaka 2023, walipanga baadhi ya tiketi ziuzwe kwa dola 20 na wakazuia, palipowezekana kisheria, zisihamishiwe mtu mwingine. Mashabiki walipofika mahali pa kulipa, wengine walikuta kwamba ada peke yake zimeizidi bei ya tiketi. Kiongozi wa bendi, Robert Smith, alipolalamika hadharani, Ticketmaster ilikubali kurejesha dola 10 kwa kila tiketi ya bei ya chini na dola 5 kwa nyinginezo. Kampuni hujitetea kwamba sehemu kubwa ya ada huwaendea wenye kumbi. Lakini ikiwa muuza tiketi na mwenye ukumbi ni wa nyumba moja, utetezi huo ni sawa na mkono wa kulia kuusingizia wa kushoto. Msanii aliukubali umaskini wa mashabiki wake. Aliyesimama mlangoni akaukataa.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi wanafunzi wa fasihi? Ni kwa sababu tunafundishwa, na tutawafundisha wengine, kwamba katika sanaa ya utendaji hadhira si mteja aliyeketi akitazama bidhaa. Fanani na hadhira huijenga kazi kwa pamoja. Katika taarabu ya mwambao wetu, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka akamtuza mwimbaji mbele ya watu, na kutuza huko huwa sehemu ya onyesho. Sisemi kwamba taarabu haijawahi kuwa na kiingilio. Nasema kwamba mchango wa hadhira haukomi mlangoni.

Haya si ya taarabu pekee. Julai 2023, Swift alipoimba mjini Seattle, kipimo cha mitetemeko ya ardhi kilicho karibu na uwanja kilinasa mtikisiko uliolinganishwa na tetemeko la kipimo cha 2.3. Vishindo vya mashabiki vilichangia mtikisiko huo kwa sehemu yake. Julai 2024 mjini Munich, Ujerumani, maelfu kwa maelfu ya watu wasio na tiketi walipanda kilima kinachoelekeana na uwanja, wakaketi nyasini na kuimba pamoja na walio ndani. Je, wale wa kilimani hawakuwa hadhira? Bei iliwatenga na uwanja, haikuwatenga na wimbo. Lakini si kila mji una kilima.

Bei inapokuwa ndiyo chujio la pekee, inayobadilika si idadi ya wasikilizaji bali ni aina yao, na hadhira ikibadilika, sanaa nayo hubadilika. Kijana aliyezihifadhi nyimbo zote kwa moyo humpisha mwenye kadi ya benki iliyonona. Hasara hiyo haionekani katika hesabu za mauzo.

Yako yanayowezekana. Ayalandi ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuzuia tiketi za matukio makubwa kuuzwa tena kwa faida, na Novemba 2025 serikali ya Uingereza ikatangaza nia ya kufanya vivyo hivyo. Nchini Marekani, kanuni iliyoanza kutumika Mei 2025 inamtaka muuzaji aonyeshe bei kamili, pamoja na ada, tangu mwanzo. Hatua hizi hazitaongeza kiti hata kimoja uwanjani. Zitamwondoa tu anayevuna asikopanda.

Mtaka cha mvunguni na ainame, sikatai. Mwimbaji mmoja hawezi kuwatosheleza mamilioni, na uhaba wa viti ni uvungu wa asili. Lakini ada zinazoizidi tiketi na walanguzi wanaoiteka foleni ni uvungu uliochimbwa kwa makusudi, na huo hatupaswi kuuinamia. Tunapaswa kuuliza ni nani aliyeshika jembe.