Udongo Mbichi Haubebi Ghorofa

Wanauhandisi wenzangu, tusidanganyane. Ukipita maabara ya zege mwisho wa mwaka utakuta vipande vimepangwa ukutani, vimeandikwa kwa chaki "udongo 10%", "udongo 20%". Mwenye kazi alichimba udongo, akauanika, akauchekecha, akapunguza saruji na kuujazia. Mashineni vikapasuka mapema, tasnifu ikaandika kwamba udongo haufai. Mwaka unaofuata mwingine anadesa njia ileile, anapata majibu yaleyale.

Jamani, haukuchomwa! Udongo wenye kaolini, kama ule wa vilima vya Pugu hapo Kisarawe, ukichomwa kwa nyuzijoto 700 hadi 800 hivi hupoteza maji yaliyofungwa ndani yake na mpangilio wake huvunjika. Hapo ndipo unapoweza kuungana na chokaa inayotoka saruji inapokutana na maji, ukaongeza gundi ya kushika mchanga na kokoto. Ukiwa mbichi ni unga tu, tena mlevi wa maji.

Klinka ya saruji inataka nyuzi kama 1450, na mbali na moto wake, mawe ya chokaa yenyewe yanatoa hewa ukaa yakiungua. Karen Scrivener na wenzake wa Lausanne, Uswisi, wanatumia klinka nusu tu: asilimia 30 udongo uliochomwa, 15 mawe ya chokaa yaliyosagwa, 5 jasi. Kaolini ikifika kama asilimia 40 ya udongo, nguvu ya siku 28 inakaribiana na ya saruji ya kawaida.

Kinachonitisha mimi si alama zetu. Fundi wa mtaani hasomi tasnifu, ila maneno yanamfikia. Akisikia "chuo kimesema udongo unapunguza saruji", na mfuko umepanda bei, atachota wa shimoni akoroge zege la nguzo. Juu ya nguzo hiyo watalala watoto wa watu.

Kwa hiyo idara isipokee projekti ya udongo isiyosema umechomwa kwa joto gani, saa ngapi, na maji kiasi gani. Tanuri dogo la maabara linatosha kuanzia. Letu limefungiwa stoo tangu niko mwaka wa kwanza, litolewe. Na vipande vinavyobaki visitupwe siku ya 29. Udongo uliochomwa huendelea kufanya kazi, basi viachwe majini mpaka siku ya 90, wadogo zetu wa mwaka wa tatu wavipasue.