Kompani inaondoka juu ya nini?

Kwetu kompani ikifunga mlango watu wanasema mara moja: bei ya shaba imeanguka. Mara mingi ni kweli. Lakini wewe kijana unayetafuta kazi, sikia habari ya Polaroid, kompani ya Marekani iliyotengeneza apareye inayotoa foto palepale, bila kungoja.

Mwaka 1970 wafanyakazi wake wawili weusi, Caroline Hunter, mtu wa kemia, na Ken Williams, mpiga picha, waliona kule kazini mfano wa karte yenye foto. Juu yake kuliandikwa jina la Idara ya Migodi ya Afrika Kusini. Wakajiuliza: kazi ya mikono yetu inafanya nini huko? Wakatafuta, wakavumbua kwamba foto za Polaroid zilitumiwa katika buku ya pasi. Wakati ule mtu mweusi wa kule akikutwa mjini bila pasi, ni gereza. Hata wanaume waliochimba zahabu waliibeba.

Wakapaza sauti, wakaomba watu wasinunue tena vitu vya Polaroid. Januari 1971 wakubwa wakajibu: tutabaki kule, lakini hatutauzia serikali, na muuzaji wetu ataongeza mishahara ya weusi. Mishahara iliongezwa kweli, nisiseme uongo. Lakini Hunter alifukuzwa kazi mwaka uleule.

Ile fasi ya katikati haikusimama. Mwaka 1977 ikajulikana kwamba muuzaji wao alikuwa anauzia serikali kwa siri. Aliyefunua mambo ni mtu aliyekuwa amefanya kazi kwake. (Soma Luka 12:2, kisha ufikiri juu ya muuzaji huyo.) Polaroid wakavunja mapatano naye, wakaondoka.

Wengine watasema soko lile lilikuwa kidogo, hawakupoteza mingi. Ni hivyo, na mimi siwaiti watakatifu. Kilichowauma ni jina lao kwao Marekani. Lakini nani aliyeanza kuligusa jina hilo? Si wakubwa, si wenye feza. Ni mwanamuke kijana wa kemia aliyeuliza kitu anachosaidia kutengeneza kinaenda kwa nani. Polaroid walipoondoka, yeye alikuwa nje ya kazi ile miaka sita tayari.

Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986.