HIVI NYERERE SQUARE IMEKUKOSEA NINI, DADA WA MJINI?

Leo kuna mtu namsema. Jina kapuni, ila wajanja mshamjua.

Dada mmoja maarufu wa Dar alikuja Dodoma kwenye shughuli, akapita Nyerere Square jioni, akajirekodi anacheka. Eti mji mkuu gani huu, watu wamekaa kwenye nyasi kama wanasubiri basi. Kaka mmoja mwenye pesa zake naye akadakia: pawekwe geti na kiingilio, watu wachujwe, ndo patakuwa na hadhi.

Dada, ni kweli, wengine tunasubiri basi. Mimi kwetu Haneti, wilaya ya Chamwino. Umefika mjini saa tatu asubuhi kufuata karatasi ofisini, unaambiwa njoo saa nane. Hizo saa tano unazimalizia wapi? Hotelini, kwa soda ya bei ya kuku? Tunakaa Square. Hakuna mhudumu wa kukusimamia kichwani akuulize unaagiza nini.

Halafu someni historia kidogo. TANU iliamua 1973 makao makuu yahamie Dodoma. Mpango wa mji wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, haukutaka mji wa majengo ya kutisha raia. Ulitaka mji wa mtembea kwa miguu, wa baiskeli na basi. Sasa tazama. Tangu 2016 Serikali imehamia kwa kishindo, 26 Aprili 2018 tukatangazwa jiji, maghorofa yanaota na V8 zinatupigia honi. Ule mji wa mtembea kwa miguu umebaki wapi? Kipande chake kimojawapo ni hapo hapo mnapotaka kuweka geti.

Pale maharusi wanapiga picha, wanachuo wanatongozana, wazee wanabishana Simba na Yanga. Bosi na muuza karanga wanakaa benchi moja na hakuna anayemwambia mwenzake sogea. Hadhi gani nyingine mnaitaka?

Sisemi hapana kasoro. Jua la Dodoma mnalijua, kivuli kikiongezwa nani atakataa? Mwenye hela apande miti, alipie taa, achangie usafi. Mbona Forodhani kule Unguja ilikarabatiwa ikafunguliwa tena 2009, na mpaka leo mtu anaingia bure, anakula urojo wake anaondoka? Kupendeza na kufukuza watu ni vitu viwili tofauti.

Leo mkiweka buku moja, kesho buku tano, keshokutwa mama yangu wa Haneti anachungulia kwenye nondo. Tena pale katikati imesimama sanamu ya nani? Ya Mwalimu! Yaani mkulima alipe kiingilio kumwona Mwalimu?

Dada, kama nyasi zetu zinakuwasha, lounji zipo. Tuachie Square yetu.

Nawasilisha.