Usugu wa dawa: Mpaka wa Mikumi hauwazuii bakteria

MPAKA wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, huwatenga wanyamapori na mifugo ya Kilosa. Kwa viumbe wasioonekana kwa macho, mpaka huo ni kana kwamba haupo.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao walichapisha matokeo ya kuchunguza kinyesi cha nyati, nyumbu na pundamilia. Bakteria sugu walikutwa Ngorongoro, ambako wanyama hao hula pamoja na ng'ombe, na hata Mikumi ambako hawachangamani nao. Hilo halithibitishi kuwa ng'ombe ndio chanzo, bali laonyesha kuwa usugu umeenea hata kwa wanyama wasiotibiwa.

Njia mojawapo kuu ya kuenea huko ni plasmidi, yaani vipande vidogo vya vinasaba, aghalabu vya mviringo, ambavyo bakteria huvirithisha kwa vizazi vyake na pia kumpa jirani, hata wa jamii nyingine. Plasmidi moja yaweza kubeba usugu dhidi ya dawa kadhaa. Kwa sababu hiyo, tetrasaiklini anayochomwa ng'ombe yaweza kuwastawisha bakteria wanaoshinda dawa nyingine ambayo mnyama huyo hajapata kupewa.

Taifa limewahi kuonja hatari hiyo. Kipindupindu kilipozuka mwaka 1977, tetrasaiklini ilitumika kwa wingi, kutibu na kukinga. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu, na uchunguzi wa baadaye ulikuta plasmidi ndani yake.

Gharama ya usugu huhesabiwa kwa roho za watu. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa, miongoni mwa watoto wenye maambukizi ya damu, asilimia 71 ya walioshambuliwa na bakteria wenye kimeng'enya kinachovunja dawa kali walifariki dunia. Kwa waliougua bakteria wa aina hiyo wasio na kimeng'enya hicho, kiwango kilikuwa asilimia 39. Jeni za kimeng'enya hicho kwa kawaida husafiri kwa plasmidi.

Mfugaji anayenunua dawa dukani na kumchoma ng'ombe mwenyewe, kwa kukadiria, hulaumiwa upesi. Lakini mtaalamu wa mifugo akiwa mbali na mnyama anakufa, chaguo lake ni finyu. Kumkemea pasipo kumpa njia nyingine ni kazi bure.

Mpango wa taifa wa kupambana na usugu, ulioanza mwaka 2017, uliunganisha afya ya binadamu na ya wanyama. Kipimo chake cha kweli kiko vijijini: josho lenye dawa, chanjo ya homa ya mapafu inayofika kwa wakati, na ofisa mifugo anayefikika. Ng'ombe asiyeugua hahitaji sindano, na kila sindano isiyochomwa huwanyima bakteria sugu nafasi ya kustawi.