Wazee na Wapimwe Presha

Nina neno juu ya wazee wetu wa Buhehe. Mjomba wangu alikuwa mtu wa nguvu, akisukuma baiskeli yenye mizigo mpaka mpakani Busia. Asubuhi moja aliamka mkono na mguu umekufa, kinywa kimepinda. Watu wakaanza kumtafuta mchawi. Kumbe ni kiharusi, na mzee yule hakuwahi kupimwa presha hata siku moja.

Mwaka 1929 daktari Donnison aliandika kwamba aliwapima Waafrika 1,000 huko Kavirondo ya Kusini, Kenya, asikute ugonjwa huu. Si mbali na kwetu! Lakini Uganda ilipowapima watu wazima wa nchi nzima mwaka 2014, zaidi ya mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya juu. Na katika kila mia ya hao, waliojua hawakufika kumi.

Wako wasemao kwamba kupima huku ni kujaza makaratasi tu. Sikubali, ila nina sharti: mpimaji amwambie mzee hesabu yake papo hapo, kwa Kisamia. Ikifika 140 juu au 90 chini, apimwe tena siku nyingine, aonyeshwe na pa kutibiwa. Aulizwe pia habari za sigara, pombe na chumvi. (Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sisi twaitia kwa kiganja.)

Likizo ijayo nitampeleka mama. Amekwisha kataa mara mbili.