Siri ya mwimbaji wa Unguja na kidonge cha saa mbili usiku

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 13, alirudi kutoka mitumba ya Karume na fulana nyeusi aliyoinunua shilingi 3,000. Mbele ina sura za wanaume wanne wenye nywele ndefu. Akaivaa palepale uani, kwenye nyumba tunayopanga Kariakoo, akaniuliza: "Mamdogo, hawa ni akina nani?"

Nikamgusa kifuani, kwenye sura mojawapo. "Huyu kazaliwa Unguja."

Hakuamini. Nikamweleza kuwa jina lake ni Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe Septemba 5, 1946, na wazazi Waparsi wenye asili ya India. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Mwaka 1970, jijini London, yeye na wenzake wakaanzisha bendi ya roki nzito iitwayo Queen, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Hata Metallica, wakali wa hevi metali, waliurekodi upya wimbo wa Queen mwaka 1990.

"Yuko wapi sasa?"

"Alifariki 1991."

"Aliumwa nini?"

Dada yangu akanikata jicho. Nikajibu: "UKIMWI." Jirani yetu aliyekuwa anafua pale bombani akanyamaza ghafla.

Usiku akanigongea mlango. Binti yake ana miaka 12 na alizaliwa na VVU. Kila saa mbili usiku anameza kidonge, na miaka yote ameambiwa ni dawa ya moyo. Wiki ile binti alikuwa amemuuliza: "Mama, mbona moyo wangu hauniumi?"

"Nimjibu nini, mdogo wangu?" akaniuliza. "Wewe si ndiyo unaandika mambo ya hospitali?"

Ameniruhusu kuandika haya. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.

Miaka ya mwisho ya Freddie

Freddie alipanda jukwaani na Queen kwa tamasha la mwisho Agosti 9, 1986, huko Knebworth, Uingereza. Watu wake wa karibu wameeleza kuwa alipata majibu ya vipimo mwaka 1987. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha AZT, dawa ya kwanza ya VVU, lakini dawa hiyo peke yake haikuweza kuwadhibiti virusi kwa muda mrefu.

Bendi iliacha ziara, haikuacha kazi. Walitoa albamu ya The Miracle mwaka 1989 na Innuendo Februari 1991. Sehemu ya kazi ilifanyika studio ya Montreux, Uswisi, na Freddie alirekodi siku ambazo mwili ulimruhusu. Video yake ya mwisho, iliyopigwa Mei 1991, ni ya nyeusi na nyeupe. Amekonda sana, na vipodozi vizito vimefunika uso. Wenzake watatu walijua, wakaibeba siri pamoja naye. Waandishi wa habari walipouliza, waliambiwa hana tatizo kubwa.

Novemba 23, 1991 akatoa taarifa kwamba ana UKIMWI. Kesho yake jioni akafariki nyumbani kwake London, akiwa na miaka 45.

Aprili 20, 1992 wenzake walifanya tamasha la kumuenzi katika uwanja wa Wembley. Metallica, Guns N' Roses na Def Leppard walipanda jukwaani, na fedha zikaenda kwenye mapambano dhidi ya UKIMWI. Ukazaliwa pia mfuko wa Mercury Phoenix Trust, unaofadhili kazi hiyo hadi leo. Mwaka 1995 bendi ikatoa Made in Heaven, wakitumia sauti alizowaachia.

Mwaka mmoja baadaye, 1996, tiba ya kuchanganya dawa kadhaa ilianza kuwainua wagonjwa vitandani. Freddie aliikosa kwa miaka mitano.

Wakati umebadilika

Sisi tunaijua hadithi hii kwa machungu yetu. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na ARV za bure kwa mpango wa taifa zilianza 2004. Familia nyingi zilizika kabla dawa hazijafika.

Leo wengi wanatumia kidonge kimoja kwa siku. Mtoto akimeza dawa ipasavyo, virusi hupungua hadi kipimo kisiweze kuviona. Hapo kinga ya mwili hurudi, anasoma, anacheza, na akiwa mtu mzima anaweza kuoa au kuolewa na kupata watoto wasio na VVU. Mtu ambaye kipimo hakioni virusi vyake hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Binti wa jirani yangu yuko hivyo. Kila jioni anaruka kamba pale uani.

Dawa zimebadilika, lakini siri zetu ni zilezile za 1991. Na kuna tofauti moja nilimwambia jirani yangu. Freddie alikuwa mtu mzima, siri ilikuwa yake na alichagua mwenyewe lini aitoe. Mtoto anayedanganywa kuhusu dawa zake hakuchagua chochote. Anafichwa habari za mwili wake mwenyewe.

Hatari yake si ya maneno tu. Anayeamini ni dawa ya moyo, siku akijisikia mzima ataiacha. Akiacha na kurudia, virusi hujenga usugu na dawa hiyo inaweza isifanye kazi tena. Na wengi hugundua wenyewe, kwa kusoma bango la kliniki au jina la dawa kwenye simu. Hapo anajifunza mawili kwa mpigo: kwamba ana VVU, na kwamba mama alimdanganya.

Uanzie wapi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri wa shule ya msingi aambiwe hali yake hatua kwa hatua. Anza mapema kwa maneno mepesi: kuna vijidudu kwenye damu, dawa inavilaza, ukiacha vinaamka. Jina la ugonjwa lifuate kadiri anavyokua, kabla balehe haijakolea.

Usifanye peke yako kama unaogopa. Kliniki za CTC zina washauri wanaojua kuzungumza na watoto. Panga naye siku, uwepo, na ujiandae kwa swali la "niliupata wapi". Jibu ukweli, bila kumlaumu mtu.

Mfundishe pia tofauti ya faragha na aibu. Nyumba zetu za kupanga zina kuta nyembamba, na wapo watu wanaohamisha vidonge kwenye mfuko ili kopo lisilie kwenye daladala. Si lazima mtaa mzima ujue. Ila yeye mwenyewe lazima ajue.

Na kama mtoto wako hana VVU, bado mweleze. Mwanafunzi mwenzake anaweza kuwa nao. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi. Bora aende akiwa amesikia kwako kwanza.

Jirani yangu na binti yake walikwenda kliniki wiki mbili baadaye. Mama anasema mtoto alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Nani mwingine anajua?"

"Mimi, daktari, mshauri na mamdogo wa chumba cha pili," mama akajibu. "Wengine utaamua wewe."

Siku hizi ikifika saa mbili usiku haitwi. Namsikia anachota maji mwenyewe.